Asiye na hatia ana sababu gani ya kunyamaza akihojiwa polisi?

#1 Kaka Mkubwa
Wakuu, salaam. Nina jambo la nyumbani linalonikosesha usingizi, naomba tulijadili kwa uzito wake.

Mdogo wangu ana miaka 23, ni mtunza stoo. Ghala analosimamia limeibiwa usiku, na mlinzi kaandikisha kwamba kwenye saa nne alimwona "mtu kama yeye" akitoka na mabunda. Siku ya kwanza mdogo wangu alikwenda kituoni mwenyewe, akahojiwa peke yake, akaeleza yote, akasaini, akatoka kwa dhamana. Sasa kaitwa tena keshokutwa. Tumemtafutia wakili, na neno lake la kwanza ni hili: "Usijibu swali lolote mpaka niwe nimekaa pembeni yako. Na hata nikiwepo, mengi hutajibu."

Mama kachukia. Anasema mwanangu hajaiba, akinyamaza watasema kakosa la kusema. Na mimi niko upande wa mama. Mwizi ndiye ana sababu ya kufunga mdomo. Asiye na hatia aongee, ukweli umtetee. Kama nimekosea nielimisheni, maana keshokutwa si mbali. Nchi sitaitaja, kesi bado mbichi.

#2 Mbishi Mkuu
Uko sahihi mkuu. Mficha uchi hazai. Mimi nikisingiziwa wizi nitaongea mpaka koo likauke. Haya mambo ya "una haki ya kunyamaza" yametoka Marekani kwa yule Miranda, mhalifu aliyeachiwa huru kwa sababu tu polisi hawakumsomea haki zake. Sasa kila mtu anayaiga.

#3 Wakili Kijiweni
Pole Kaka Mkubwa. Nianze na Mbishi Mkuu, maana hilo la Miranda linarudiwa kila siku na si kweli. Ernesto Miranda hakuachiwa huru. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta hukumu yake kwa kuwa alikiri bila kuelezwa haki zake. Kesi ikaanza upya, na 1967 akatiwa hatiani tena, safari hii bila lile ungamo. Wala haki yenyewe si ya Marekani peke yake. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka huohuo wa 1966, ibara ya 14, unasema mshtakiwa asilazimishwe kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe wala kukiri kosa.

Sasa swali lako. Mzizi wake ni huu: nani ana mzigo wa kuthibitisha? Uingereza, Desemba 1934, kibarua wa shamba mwenye miaka 21, Reginald Woolmington, alimfyatulia mkewe risasi. Alisema bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya. Jaji akawaambia wazee wa baraza, yaani raia wanaoamua kama mtu ana hatia, kwamba ni juu ya Woolmington kuonyesha kuwa ilikuwa ajali. Akahukumiwa kunyongwa. Mwaka 1935 rufaa ilifika Baraza la Malordi, mahakama ya juu kabisa ya huko wakati huo, na hukumu ikafutwa. Walisema hapana, ni juu ya upande wa mashtaka kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka ya msingi, na mshtakiwa akiacha shaka hiyo tu, anaachiwa. Lord Sankey aliiita kanuni hiyo uzi wa dhahabu unaopita katika sheria yote ya jinai ya Uingereza.

Kwa hiyo kunyamaza si kukiri. Mtu hajazi pengo la ushahidi wa anayemshtaki.

#4 Chombo Huru
Uzi ndani ya uzi! Nafuatilia.

#5 Askari Mstaafu
Nimefanya upelelezi miaka 28, sasa nimepumzika. Namheshimu Wakili, ila anaongea ya mahakamani, na huyu kijana yuko kituoni. Pale mambo huenda kwa saa.

Mtu anayesingiziwa akiniambia leo, "Afande, saa nne nilikuwa mahali fulani", leo hiihii natuma mtu. Napata kamera kabla picha haijafutwa, napata daftari la wageni kabla halijajaa likatupwa stoo, napata shahidi kabla hajasafiri. Akinyamaza miezi sita halafu akayasema kizimbani, kamera imeshafutwa. Nimewaachia watu wengi siku ileile kwa sababu walifungua mdomo na nikahakikisha. Wale hamuwasikii mahakamani maana hawakufika huko.

Kwangu mimi kimya hakimkoseshi mtu haki, kinamkosesha muda.

#6 Mama Zawadi
Afande nakusikia, lakini ngoja niseme yaliyonipata.

Mwenzangu kazini alikutwa amepigwa vibaya usiku. Mimi ndiye nilikuwa mtu wa mwisho kuwasiliana naye kwa simu, nikaitwa. Nikaenda bila wakili, bila ndugu, kifua mbele, maana sikuwa na kosa. Nikaeleza tulivyokuwa na mgogoro wa fedha za kikundi, na kwamba usiku ule nilimpigia saa mbili, tukazungumza, akanijibu vibaya, nikakata simu nikalala. Aliyeniandika alikuwa mstaarabu tu. Akanisomea harakaharaka, nikasaini kila ukurasa.

Miezi mitatu baadaye wakili wangu akaniita ofisini, akanigeuzia karatasi, akaweka kidole kwenye mstari. Palikuwa pameandikwa: "Nilimpiga saa mbili usiku kwa sababu ya fedha za kikundi."

Nilimpiga. Imekosekana "i" moja. Na chini yake saini yangu, nzuri kabisa, ile ninayoweka benki.

Miezi 14 nimekwenda na kurudi mahakamani. Kilichonitoa ni orodha ya simu kutoka kampuni ya simu, ikaonyesha saa mbili na dakika sita mimi nampigia na tunaongea dakika nne. Kaka Mkubwa, sikukosa ukweli. Nilikuwa nao wote. Uliharibikia kwenye kalamu ya mtu mwingine.

#7 Kaka Mkubwa
Mama Zawadi, nimesoma hii mara tatu. Pole sana.

#8 Mwalimu wa Lugha
Mama Zawadi kagusa kitu ninachokifundisha kila mwaka. Kiswahili kinabeba maana kwenye kiambishi kidogo mno. Nilikata na nilikataa. Nilimpiga na nilimpigia. Nililipa na nililipwa. Mtu akiandika kwa haraka huku anasikiliza, mkono unamtangulia. Na msomaji wa baadaye, hakimu au wakili, hana sauti ya msemaji, ana maandishi tu.

Ongezeni mtu anayefikiri kwa lugha ya kwao na kuhojiwa kwa Kiswahili cha kuazima. Ile ibara ya 14 aliyoitaja Wakili inampa haki ya kuelezwa shtaka kwa lugha anayoielewa, na mkalimani bila malipo. Wengi wanaona aibu kumwomba. Wanasema "naelewa" ili wasionekane washamba.

Kwa hiyo kwangu sababu ya kunyamaza mpaka wakili afike si kuficha kitu. Ni kusubiri sikio la pili ndani ya chumba.

#9 Mbishi Mkuu
Hiyo ni hoja ya kusoma vizuri kabla ya kusaini, si ya kunyamaza. Mama Zawadi angesoma mwenyewe polepole, angeona. Natofautisha tu, dada yangu, sikulaumu.

#10 Mama Zawadi
Hujanilaumu, na unachosema ni kweli. Ila ukae pale saa tano, simu wamechukua, mtoto umemwacha kwa jirani, halafu uambiwe ukisaini tu unaondoka. Utasaini.

#11 Sauti ya Pili
Hapo Mama Zawadi ndipo palipo na jibu la tatu ambalo halijatajwa. Wakili anasema ni mzigo wa ushahidi, Mwalimu anasema ni lugha. Mimi nasema ni mwili. Mwili ukichoka unasema chochote kitakachoufungulia mlango.

Mnaikumbuka kesi ya Central Park, New York, 1989? Mwanamke alibakwa akapigwa karibu afe. Vijana watano wa miaka 14 hadi 16 wakakamatwa, wakahojiwa masaa mengi, wote watano wakakiri kwenye video. Wakafungwa. Mwaka 2002 mtu mwingine akajitokeza kusema ni yeye, na vinasaba (DNA) vikalingana na vyake. Hukumu zikafutwa. Kila mtu alikuwa akiuliza, asiye na hatia anakirije? Ndivyo hivyo.

#12 Wakili Kijiweni
Sahihisho dogo: walioonekana kwenye video walikuwa wanne. Wa tano inadaiwa alitamka maneno ya kujihusisha, lakini hakurekodiwa wala hakusaini. Vilevile maelezo yao hayakuafikiana wenyewe kwa wenyewe, na hilo halikuwaokoa. Hoja yako inabaki palepale. Katika kesi za Marekani ambazo vinasaba vilikuja kumsafisha aliyefungwa, zaidi ya robo zilikuwa na ungamo la uongo ndani yake.

Ndiyo maana nchi nyingi hazimwachii polisi ungamo peke yake. Kenya, kwa mfano, ungamo linalokubalika ni lile lililotolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi ambaye siye mpelelezi wa kesi na ana cheo kinachotakiwa na sheria, tena akiwepo mtu mwingine aliyechaguliwa na mtuhumiwa. Tanzania kuna maelezo ya onyo polisi, yanayoandikwa baada ya mtu kuonywa kwamba si lazima aseme kitu, na maelezo mbele ya mlinzi wa amani, ambaye ni ofisa wa mahakama na si polisi, na sheria inaweka saa nne za msingi za kuhoji tangu mtu awekwe chini ya ulinzi. Zikipita bila kuongezwa kwa utaratibu, wakili ana pa kushika.

#13 Askari Mstaafu
Hayo ya saa nne ni kweli, na nimeona maelezo mazuri yakitupwa kwa sababu mpelelezi hakuangalia saa yake. Nakubali pia hili la uchovu. Katika kazi yangu niliwahi kuwa na kijana aliyekiri kitu ambacho nilijua hakukifanya, maana alitaja mlango wa mbele wakati mwizi alipitia dirishani. Nilimrudisha mahabusu akalale, asubuhi nikaanza upya. Si kila mtu angefanya hivyo.

Lakini Wakili, mwambie na upande wa pili. Kuna nchi ambako kimya kinamgharimu mtu.

#14 Wakili Kijiweni
Kweli afande, na nilikuwa nakuja huko.

Uingereza na Wales, tangu sheria ya 1994, polisi wanamwonya mtuhumiwa kwamba si lazima aseme kitu, ila inaweza kuharibu utetezi wake asipotaja akihojiwa jambo atakalokuja kulitegemea mahakamani. Yaani ukinyamaza leo, kesho ukileta kisa, wazee wa baraza wanaweza kujiuliza kwa nini hukukisema mapema. Na Marekani yenyewe, mwaka 2010, katika kesi ya Thompkins, mtu alikaa karibu saa tatu bila kusema la maana, mwishoni akaulizwa kama anamwomba Mungu amsamehe kwa kumpiga risasi yule kijana, akajibu "ndiyo". Mahakama ikasema jibu hilo linapokelewa, maana kukaa kimya tu hakutoshi. Anayetaka kuitumia haki hiyo atamke kwamba anaitumia.

Kwa hiyo Kaka Mkubwa, mdogo wako asikae kama sanamu. Aseme kwa adabu: "Natumia haki yangu ya kunyamaza mpaka nishauriane na wakili wangu." Sentensi moja, iandikwe, basi.

#15 Mbishi Mkuu
Sasa mmejichanganya. Kumbe kuna kwingine kunyamaza ni kosa!

#16 Wakili Kijiweni
Si kosa popote nilipotaja. Hakuna anayefungwa kwa kimya peke yake. Tofauti ni uzito ambao kimya kinaruhusiwa kuwekewa. Na kuna pahala hata mzigo wenyewe unasogea kidogo: anayejitetea kwa ugonjwa wa akili ndiye anayetakiwa kuonyesha kuwa aliugua, ingawa kwa kiwango cha chini kuliko cha upande wa mashtaka. Anayekutwa na mali iliyoibwa jana anatarajiwa kueleza kaipataje.

#17 Kaka Mkubwa
Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Usiku ule saa nne mdogo wangu alikuwa hospitali na mtoto wake mwenye homa. Alifunga ghala saa kumi na mbili jioni, akaenda nyumbani, saa mbili wakaondoka kwenda hospitali mpaka usiku wa manane. Sasa hili nalo anyamazie?

#18 Bibi Karani
Mwanangu Kaka Mkubwa, nimekuwa karani wa mahakama mpaka nywele zikawa nyeupe. Hilo usilinyamazie.

Utetezi wa kutokuwepo eneo la tukio una masharti yake. Sheria ya Tanzania, kwa mfano, inamtaka mshtakiwa atoe taarifa kabla kesi haijaanza kusikilizwa, au angalau awape upande wa mashtaka maelezo yake kabla hawajafunga ushahidi wao. Asipofanya hivyo mahakama inaweza kuamua kutoupa uzito wowote. Nimewaona. Mtu anasimama siku ya kujitetea, anasema "mheshimiwa, siku hiyo nilikuwa safari", na mwendesha mashtaka anauliza tu, "Mbona tunakusikia leo?" Ukumbi mzima unanyamaza. Pengine alikuwa safari kweli.

Na la pili, mumwandae kwa siku ya kusomewa shtaka. Watu wanadhani kesi huharibika kwenye ushahidi. Nyingi nilizoziona ziliharibika dakika tano za kwanza. Alikuja kijana mmoja, kashikilia nguzo ya kizimba kwa mikono miwili, anatetemeka. Shtaka likasomwa, akaulizwa, "Ni kweli au si kweli?" Akajibu, "Ni kweli mheshimiwa." Hakimu alikuwa mtu mzima, akamuuliza, "Kweli nini?" Akasema, "Kweli nilikuwepo, lakini sikuchukua kitu." Hakimu akaniambia niandike kuwa amekana. Hakimu mwenye haraka angeishia kwenye lile neno la kwanza. Kesi ya Adan ya mwaka 1973, ya Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, iliweka utaratibu mzima: shtaka lielezwe kwa lugha yake, majibu yaandikwe kama alivyotamka mwenyewe, kisha asomewe maelezo ya kosa na aulizwe tena kama anayakubali. "Ni kweli, lakini" si kukiri.

#19 Dada Rehema
Bibi ubarikiwe, hiyo ya "ni kweli, lakini" nimeinakili.

#20 Nyundo
Samahani nitoke nje ya mada kidogo. Je, mtu akinivamia ndani nikamjeruhi, nitajitetea vipi? Nishtakiwe mimi?

#21 Mbishi Mkuu
Uzi umeshatekwa. Nyundo mkuu, na jina lako hilo polisi hawatahitaji shahidi.

#22 Wakili Kijiweni
Nyundo, kwa ufupi: unaweza kushtakiwa, na kujihami ni utetezi kamili kama nguvu uliyotumia ililingana na hatari uliyoiona. Katika kesi ya Palmer ya 1971, iliyotoka Jamaika, majaji walikubali kwamba aliyevamiwa hawezi kupima kwa mizani kiasi cha nguvu anachohitaji. Ila mvamizi akishakimbia ukamfuata barabarani, hapo umeshatoka kwenye kujihami. Anzisha uzi wako tuuchambue, huu una mwenye haraka.

#23 Dada Rehema
Turudi kwa mlinzi. "Mtu kama yeye" saa nne usiku? Kwa mwanga gani? Umbali gani? Alimtazama muda gani? Mbona wote tunahangaika na mdomo wa kijana wakati shahidi mwenyewe ni dhaifu?

#24 Bibi Karani
Mwanangu Rehema una jicho. Kesi ya Waziri Amani ya 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania: ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina dhaifu kuliko yote, na mahakama isiutegemee mpaka iridhike kwamba hakuna nafasi ya kukosea. Wanaangalia hayohayo uliyoyataja, na kama shahidi alimjua mtu huyo kabla.

#25 Askari Mstaafu
Kumjua kabla kuna pande mbili. Mlinzi anamwona mtunza stoo kila siku, kwa hiyo sura yake imemkaa kichwani. Akiona kivuli mlangoni pa stoo, akili inamjazia ile sura. Nimeshuhudia. Muulizeni kama alimtaja jina usiku uleule kwa mtu wa kwanza aliyemkuta, au alilitaja siku ya pili baada ya kusikia watu wakisema. Hilo lina uzito kuliko tochi.

#26 Sauti ya Pili
Kesi nyingi za vinasaba alizozisema Wakili, shahidi wa macho alikosea. Hata Kirk Bloodsworth wa Maryland, aliyehukumiwa kifo akatoka 1993, mashahidi watano walisema walimwona. Watano!

#27 Mbishi Mkuu
Nimesoma yote, na nimelegea kidogo, sijakubali. Kuna sababu hamjaitaja. Kunyamaza ni kwa mwenye wakili. Asiye na wakili akinyamaza nani atamsemea? Atakaa mahabusu, atasikia "upelelezi haujakamilika", tarehe inasogea. Maskini anaongea kwa sababu mdomo ndiyo wakili pekee alionao.

#28 Wakili Kijiweni
Hapo Mbishi umesema jambo zito, na sina jibu la kulifuta. Naweza kukuongezea kisa tu. Marekani, 1961, Clarence Gideon alishtakiwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa biliadi huko Florida. Aliomba wakili, akaambiwa hapewi. Akajitetea mwenyewe, akafungwa miaka mitano. Akiwa gerezani akaandika ombi kwa penseli kwenda Mahakama ya Juu. Mwaka 1963 wakaamua kwamba asiye na uwezo apewe wakili katika mashtaka mazito. Kesi ikarudiwa, safari hii ana wakili, wakili akambana shahidi mkuu, na Gideon akaachiwa huru. Mtu yuleyule, shtaka lilelile.

Ibara ya 14 nayo inasema apewe msaada wa wakili bila kulipa pale haki inapohitaji. Utekelezaji ndio unaotofautiana, na wewe umegusa palepale panapouma. Mwenye kesi asiye na fedha aulize msaada wa kisheria siku ya kwanza kabisa, aombe mahakamani kwa mdomo wake, na iandikwe kuwa ameomba.

#29 Chombo Huru
Na akiambiwa akiri apunguziwe? Kuna jirani yetu aliambiwa hivyo.

#30 Wakili Kijiweni
Makubaliano ya kukiri kosa yapo nchi nyingi, Tanzania yameingia kwenye sheria 2019. Yana faida kwa aliyetenda. Hatari yake ni kwa asiyetenda aliyechoka kukaa ndani, anakubali ili atoke. Asisaini pasipo wakili, na ajue hukumu hiyo itamfuata kwenye ajira na safari.

#31 Kaka Mkubwa
Wakuu, nimerudi. Mahojiano yamekwisha, nawashukuru wote.

Wakili hakumfanya anyamaze kabisa wala hakumwachia aongee. Aliingia na karatasi ya ukurasa mmoja: alikokuwa saa mbili mpaka usiku wa manane, jina la wodi, na kwamba kadi ya mtoto ina muhuri wa tarehe. Mdogo wangu akaisoma kwa sauti, akasaini, akasema ile sentensi ya Wakili Kijiweni, kisha kwa maswali mengine akarudia hiyohiyo. Mpelelezi hakukasirika. Alisema tayari wana nakala ya daftari la mapokezi ya hospitali, maana siku ya kwanza mdogo wangu aliitaja na wakafuata kesho yake. Askari Mstaafu, hapo nilikukumbuka.

#32 Askari Mstaafu
Umeona? Angekuwa kanyamaza siku ile, daftari lile leo lingekuwa wapi?

#33 Mama Zawadi
Nafurahi kusikia. Lakini Kaka Mkubwa, yale maelezo ya siku ya kwanza mliyasoma?

#34 Kaka Mkubwa
Mama Zawadi, hilo ndilo lililonirudisha hapa. Wakili aliomba asomewe. Ukurasa wa pili, mstari wa nne au wa tano: "Nilifungua mlango wa ghala saa kumi na mbili jioni, nikaondoka."

Alisema "nilifunga". Anaapa alisema nilifunga. Kufuli halikuvunjwa, ndiyo maana wanamshuku yeye, na hapo pameandikwa kwa maneno yake kwamba aliacha pamefunguliwa. Saini iko chini.

#35 Mama Zawadi
Herufi moja tena. Mungu wangu.

#36 Mwalimu wa Lugha
Sentensi yenyewe inajisuta. Mtu hafungui mlango wa kazini jioni halafu "akaondoka". Wakili aiseme hivyo, aisome yote pamoja na sentensi ya kabla na ya baada.

#37 Wakili Kijiweni
Mwalimu uko sawa. Kisheria, aandikishe maelezo ya nyongeza mara moja kusahihisha mstari huo, asingoje kizimbani. Kuna kesi ya Tuwamoi dhidi ya Uganda, 1967: ungamo likikanwa na aliyelitoa, mahakama ilichukulie kwa tahadhari na kwa kawaida itafute ushahidi mwingine wa kuliunga mkono. Hili la kwenu si ungamo kamili, ila tahadhari ni ileile. Muulize pia kama mahojiano yalirekodiwa kwa sauti.

#38 Mbishi Mkuu
Kwa hiyo maelezo yaleyale ya siku ya kwanza ndiyo yaliyoleta daftari la hospitali, na ndiyo yaliyomfungulia mlango. Sasa niambieni, alikosea kuongea au hakukosea?

#39 Bibi Karani
Na funguo, mwanangu Kaka Mkubwa? Alimkabidhi nani jioni ile, na kuna kitabu cha kukabidhiana?

#40 Kaka Mkubwa
Bibi, kitabu kipo. Funguo hukabidhiwa kwa mlinzi wa zamu kila jioni na wote wawili wanasaini. Hakuna aliyekiuliza mpaka sasa. Nimempigia wakili, kesho asubuhi anapeleka barua ya kukiomba.